Dawa Itiayo Picha Makali

Wengi wametuuliza kwa nini sisi hapa Kanyaruchinya tungali tukisafisha filamu za nyeusi na nyeupe kwa mikono yetu, usiku, katika chumba cha kulala, hali kila kijana wa parokia ana simu ya kupigia picha. Jibu ni fupi. Simu huzimika, huibwa, huuzwa kwa ajili ya unga. Na watu wa huku wamekimbia mara nyingi mno. Mwaka 2012 kambi ya wahamaji wa vita ilijaa juu ya mawe haya ya volkano, kisha ikatawanyika mwezi wa Novemba mwaka uleule. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto ukaikata barabara ya Rutshuru ukashuka hadi Buhene. Kuanzia 2022 kambi ikajaa tena, na Februari 2025 ikavunjwa, watu wakaenda kila mmoja njia yake. Katika safari zote hizo mtu huchukua godoro, sufuria na mtoto. Filamu zetu zilizokwisha safishwa zaenea katika kopo moja la biskuti, na kopo hubebwa kwapani.

Lakini leo twataka kusema juu ya dawa. Maana filamu ikiisha kupigwa haionyeshi kitu mpaka ioshwe katika dawa ya kusafishia, na dawa hiyo si ya namna moja. Mojawapo ya zile zilizo maarufu kabisa ni ile ya Kodak iitwayo D-76. Lita moja yake ina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, chumvi ambayo ikiwa nyingi hivyo huyeyusha kidogo kidogo kingo za chembe za fedha zilizomo katika filamu. Picha hutoka laini, haina mchanga mchanga, yapendeza macho. Ni dawa njema, wala hatuisemi vibaya. Ila ulaini ule huondoa pia makali ya mipaka: pale unywele unapokutana na ukuta, pale ukope unapokutana na jicho.

Dawa tuitumiayo sisi yatokana na vipimo vya Willi Beutler, Mjerumani. Ziko chupa mbili. Katika ya kwanza mna gramu 10 za metoli na gramu 50 za salfaiti kwa lita moja ya maji. Katika ya pili gramu 50 za kabonati ya sodiamu, kwa lita moja vilevile. Saa ya kazi twachukua kipimo kimoja cha ile, kimoja cha hii, na maji vipimo vinane. Anayejua hesabu ataona mara moja kwamba salfaiti sasa ni gramu 5 tu kwa lita, yaani sehemu moja ya ishirini ya ile ya D-76. Chembe za fedha zasimama kama zilivyo, pamoja na ncha zao. Tena gharama ni ndogo: filamu moja ya milimita 35 yataka mililita 300 hivi, basi gramu 10 zile za metoli zatosha filamu kama thelathini.

Kisha dawa yenyewe ni nyepesi, na katika wepesi huo mna siri. Wakati wa kambi, akina mama walipanga bidoni zao penye mabomba ya maji. Bomba lenye umati maji yake yalikwisha upesi. Lakini mama aliyesimama pembeni, karibu na bomba la pili lisilo na watu, alijaza bidoni yake hata shingoni, kwa kuwa aliteka huku na huku. Ndivyo ilivyo juu ya filamu. Palipoingia mwanga mwingi dawa hufanya kazi sana, huchoka, na kuacha taka yake, bromidi, ambayo huzuia kazi. Palipoingia mwanga kidogo dawa hukaa bure na nguvu zake. Mpakani, dawa yenye nguvu hupenya upande uliochoka, na ukingo wa upande ule huzidi weusi. Bromidi nayo huvuka upande wa pili, na ukingo wa huko huzidi kuwa mwembamba. Kati yao hutokea mstari mdogo sana, kana kwamba fundi amepitisha ncha ya kisu. Wataalamu huliita jambo hili kwa jina la Gustav Eberhard, mtaalamu wa nyota.

Kwa sababu hiyo tangi halitikiswi ovyo. Nusu dakika ya kwanza twalipindua polepole bila kuacha. Baadaye mara moja kila dakika, mpaka dakika nane au kumi zitimie, kwa filamu za ISO 100 au chini yake. Anayetikisa mfululizo huichanganya dawa iliyochoka na iliyo nzima, na makali yote hupotea. Asiyetikisa kabisa hupata michirizi kama ya mvua dirishani. Filamu mpya yafaa ijaribiwe kwanza kwa kipande kifupi.

Joto si shida kwetu. Dawa yataka digrii 20, na jioni ya huku, juu ya Goma, ni ya baridi; rafiki zetu wa Mombasa sharti watafute barafu. Maji ndiyo shida. Juu ya mawe haya hakuna mto, twanywa mvua ya bati na maji ya malori, na moshi wa mlima huingia katika mvua. Twayachemsha, twayachuja mara mbili kwa kitambaa cha pamba, twayaacha yapoe. Na hiyo kabonati, ndugu zetu, ni jamaa ya magadi yatolewayo katika Ziwa Magadi huko Kenya, lakini msichukue magadi ya jikoni ya kuivishia maharage, kwa kuwa yana chumvi nyingine na udongo. Metoli iyeyushwe kabla ya salfaiti, maana ikikuta salfaiti nyingi majini hukataa kuyeyuka. Vaeni mipira ya mikono, kwa sababu metoli huwasha ngozi za watu wengine vibaya sana. Ile dawa ya pili, ya kukaza picha isififie, na kusuuza kwa maji mengi, ni kama kwa filamu yoyote.

(Jambo moja la kuchekesha. Kabla ya 2021, usiku wenye mawingu, mwanga mwekundu wa ziwa la moto la Nyiragongo ulionekana mpaka dirishani petu. Filamu za siku hizi huona rangi zote, hata nyekundu. Tulikuwa tukitundika mablanketi mawili ili mlima usitupigie picha yake wenyewe.)

Sasa, je, makali haya yafaa kila mahali? La. Kwa mawe ya volkano, kwa mbao za chukudu zilizochanika kwa mizigo, hatujui dawa iliyo bora kuliko hii. Kwa sura za watu kuna maneno. Bibi mmoja wa jumuiya yetu aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akasema, “Mwalimu, mikunjo hii umeniongezea wewe.” Tulimjibu kwamba yote ni yake. Akasema, “Basi ungeniachia hata miwili.” Tangu hapo wazee twawaosha kwa D-76, nao wafurahi, na sisi hatuoni kwamba ni uongo.

Lakini picha za makundi twaziosha kwa Beutler sikuzote. Mwaka 2024 tuliwapiga watoto thelathini na mmoja wa mafundisho, wamesimama safu tatu juu ya mawe. Katika filamu kichwa cha kila mtoto si kikubwa kuliko punje ya mtama. Baada ya kambi kuvunjwa alikuja mama mmoja aliyempoteza mwanawe kwa homa njiani. Hakuwa na picha yake hata moja. Ile ya simu ilikwenda na simu. Akasema, “Mwalimu, yumo katika safu ya nyuma, wa tatu.” Tukaiweka filamu katika mashine ya kukuzia, tukainyanyua mashine mpaka juu kabisa.

Hapa lazima tuseme kweli, msije mkatumaini zaidi ya haki. Dawa haiongezi kitu ambacho kioo cha kamera hakikukiona. Makali ni ya mipaka tu: jicho lapambanuka na mipaka ya macho husadiki kwamba yaona zaidi. Kope za mtoto yule hazikuwamo katika filamu, wala hakuna dawa ya kuzileta. Chembe zilikuwa kubwa kama mchanga wa ziwa. Lakini taya lilikuwapo, na sikio lililochomoza upande mmoja, na mstari wa mdomo uliofungwa kwa nguvu kama mtoto aliyekatazwa kucheka. Mama hakuuliza juu ya mchanga. Aliuliza kama tungeweza kuifanya ndogo, ya kipimo cha kadi ya kura, ili zikae pamoja katika nailoni moja. Tukamkatia.

Katika karatasi ileile walitokea pia watoto wawili wa kando, mmoja kila upande, wazi vilevile. Wazazi wao hawajafika bado. Picha zao tumezikata kwa kipimo kile kile, zimo katika kopo.