Kukodi Mtumbwi Katika Ziwa Bunyonyi

Je, umewahi kuona ziwa lililo juu milimani? Wengi wetu tunalijua Ziwa Victoria. Ukisimama Bukoba huoni ng'ambo. Leo twende pamoja kwenye ziwa la namna nyingine. Ziwa hilo ni Bunyonyi. Liko kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Liko mita 1,962 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni refu na jembamba. Urefu wake ni kama kilometa 25, na lina visiwa 29. Maana ya jina lake ni mahali pa ndege wadogo wengi.

Mimi ni bwana shamba katika Wilaya ya Karagwe. Sikwenda huko kwa matembezi tu. Katika kijiji kimoja ninachofanyia kazi, wakulima wengi waliacha kutengeneza makinga maji. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mlima ni mlima. Udongo ukitaka kwenda, utakwenda tu." Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilijua kwamba Wakiga wanalima milima mikali kuliko yetu. Basi nikachukua likizo, nikaenda kuona kwa macho yangu.

SAFARI

Kutoka Karagwe nilivuka mpaka pale Murongo, juu ya Mto Kagera. Nikapanda gari hadi Mbarara, halafu basi hadi Kabale. Ukitaka kwenda, chukua hati ya kusafiria na kadi yako ya chanjo. Chukua pia sweta. Kabale ni baridi, hasa asubuhi.

Kutoka Kabale hadi ziwani si mbali. Nilipanda pikipiki. Barabara hupanda mlima, halafu hushuka upande wa pili. Ukifika juu, ziwa lote liko chini yako. Maji yameingia kati ya milima kama vidole vya mkono. Zamani mahali hapo palikuwa na bonde la mto. Mlima wa moto ulitoa uji wa mawe, uji huo ukaziba bonde, na maji yakajaa nyuma yake.

Lugha haikunisumbua. Kinyambo chetu na Kikiga chao ni ndugu. Nilisalimu, "Agandi?" Wakajibu, "Ni marungi." Nikawa si mgeni sana.

KUPATA MTUMBWI

Gatini Rutinda utakuta mitumbwi mingi. Kuna boti za injini za kuchukua watalii. Kuna pia mitumbwi ya kuchonga. Huchongwa kutoka gogo moja la mkalitusi. Watu wa visiwani huitumia kila siku. Hupeleka viazi, kabichi na maharage sokoni. Watoto huenda nayo shule. Kwao mtumbwi ni kama baiskeli kwetu.

Patana bei kabla ya kuingia. Uliza: bei ni ya saa moja au ya siku nzima? Je, bei hiyo ni pamoja na mpiga kafi? Siku ya kwanza nilimkodi kijana mmoja aende nami. Yeye alikaa nyuma, mimi mbele.

Kupiga kafi kunaonekana rahisi. Si rahisi. Mtumbwi wa gogo hauna usukani. Ukipiga kafi upande mmoja tu, mtumbwi huzunguka. Ukibadilisha upande kwa pupa, huzunguka tena upande wa pili. Mwenyeji hupiga kafi polepole, na mwisho wa kila pigo huigeuza kidogo majini. Hapo kafi hufanya kazi ya usukani. Kijana yule alinicheka, halafu akanifundisha.

VISIWA

Tulipita karibu na kisiwa cha Akampene. Ni kidogo sana. Zamani msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliachwa hapo. Wengine walikufa kwa njaa na baridi. Wengine walizama walipojaribu kuogelea. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja awe mkewe. Mila hiyo imekwisha. Nilikitazama kisiwa kile nikawafikiria binti zangu.

Kisiwa kingine ni Bwama. Hiki kina habari ya kutia moyo. Daktari mmisionari Leonard Sharp alifika Kigezi mwaka 1921. Baadaye, mwaka 1931, kilianzishwa kituo cha kuwatunza wagonjwa wa ukoma katika kisiwa hicho. Wakati ule ukoma haukuwa na dawa ya uhakika, na wagonjwa walifukuzwa na jamaa zao. Dawa zilipopatikana, kituo hakikuhitajika tena. Siku hizi watoto wanasoma shule katika kisiwa hicho.

MILIMA ILIYOPANGWA

Sasa nije kwenye jambo lililonipeleka. Ukiwa katikati ya ziwa, tazama juu. Milima yote imekatwa ngazi ngazi, kuanzia karibu na maji hadi kileleni. Kila ngazi ni shamba jembamba: hapa mtama, pale viazi, pale maharage. Kwenye ukingo wa kila ngazi kuna tuta la majani. Mvua inaponyesha, maji hushuka na udongo. Tuta huyapunguza mwendo, na udongo hubaki.

Kazi hiyo ilisimamiwa sana katika miaka ya 1940. Ofisa kilimo wa Kigezi wakati huo alikuwa John Purseglove. Watu walikuwa wengi na ardhi haikutosha. Kuanzia mwaka 1946 baadhi ya familia zilihamishiwa sehemu nyingine. Waliobaki walisisitizwa kulima kwa kufuata kontua.

Lakini niliona pia kasoro. Udongo mzuri hukusanyika karibu na tuta. Mkulima mwenye eneo dogo huutamani udongo ule. Kila msimu huchimba tuta kidogo kidogo. Mwisho tuta hukatika. Mahali pale mvua hupasua mlima kama kisu, na udongo huishia ziwani. Niliona makovu mekundu ya namna hiyo mahali kadhaa.

KOSA LANGU

Siku ya pili nilikodi mtumbwi peke yangu. Nilijiona nimejua. Mwenye mtumbwi alinipa jaketi la kujiokolea, akaniambia nilivae. Jua lilikuwa kali. Nikalivaa mpaka niliposogea mbali naye, kisha nikalivua, nikalikalia kama mto.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa katika kibuyu. Baada ya adhuhuri upepo ulianza. Mimi sikujali. Nilikuwa nimeona tuta moja lililokatika, nikataka kulitazama vizuri. Nikasimama.

Ndugu msomaji, usisimame katika mtumbwi wa gogo. Uligeuka mara moja, nami nikawa majini. Maji yale ni baridi na pale hapana ufuko. Kina huanza karibu na ukingo. Jaketi likaelea likaenda zake. Naogelea kidogo tu, na sweta lilikuwa linanivuta chini.

Mama mmoja alikuwa anarudi kutoka sokoni na watoto wawili. Alisikia ninavyopiga kelele. Alikuja, lakini hakunikaribia sana. Alininyoshea kafi yake akasema, "Ssebo, shika kafi. Usishike mtumbwi wangu, utatuzamisha sote." Nikashika. Akanivuta polepole hadi kwenye mafunjo, nami nikapanda nchi kavu nikitetemeka. Watoto wake wote wawili walikuwa wamevaa majaketi yao, yamefungwa kamba vizuri.

Nilimshukuru mama yule. Akaniambia neno moja tu: "Jaketi si la kukalia."

Niliona aibu. Sisi wa Kagera hatujaisahau meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei, 1996. Mamia ya watu walikufa. Tangu utotoni nilisikia watu wakiwalilia waliopotea. Hata hivyo nililikalia jaketi.

KABLA YA KUINGIA MAJINI

Ukikodi mtumbwi, huko au katika ziwa lolote kwetu, fuata mambo haya:

1. Vaa jaketi la kujiokolea kabla ya kuondoka nchi kavu. Funga kamba zote. Kama kamba zimekatika, omba jingine. Kama hakuna, usiende.

2. Kagua mtumbwi. Tazama kama una ufa. Hakikisha kuna kopo la kuchotea maji.

3. Nenda asubuhi, kabla ya upepo. Ukiona mawimbi yanaanza, rudi.

4. Kaa chini katikati. Usisimame, wala msibadilishane nafasi mkiwa majini.

5. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

6. Mtumbwi ukipinduka, ushikilie. Gogo huelea.

7. Ukimwokoa mtu, mnyoshee kafi au kamba. Usimwache ashike ubavu wa mtumbwi wako.

NILIPORUDI

Niliporudi kijijini nilikwenda kwa mzee yule. Nilimweleza habari za milima yenye ngazi, na za matuta yaliyochimbwa. Halafu nikamweleza nilivyoanguka majini. Alicheka sana. Akauliza, "Wewe bwana shamba, unayetufundisha sisi, mbona hukuvaa?"

Nikamjibu kweli: "Mzee, kulikuwa shwari. Niliona halina kazi."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hata mimi niliacha makinga maji miaka ambayo mvua ilikuwa ndogo."

Sikuongeza neno. Wiki iliyofuata tulichukua fremu ya A, mzee, mwanawe na mimi. Tulipima mstari wa kwanza juu ya shamba lake, tukapanda majani ya tembo ukingoni. Ni mstari mmoja tu. Amesema atautazama kwa mvua za masika, halafu ataamua juu ya wa pili.

Nawe, ndugu msomaji, usingoje upepo ndipo uvae jaketi. Usingoje mvua kubwa ndipo upime kontua. Kama shamba lako liko mlimani, mwite bwana shamba au bibi shamba wa kata yako wakati huu wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na kazi ikiwa nyepesi.