Florida Nayo Ina Baridi!

Jina la Florida lisikudanganye. Januari, Walt Disney World pale Orlando, mchana ni kama nyuzi joto 22, raha tupu. Alfajiri hushuka hadi 10, na upepo wa kaskazini ukivuma hukaribia sifuri. Hata Blizzard Beach, bustani ya michezo ya maji (eti ina jina la dhoruba ya theluji!), hufungwa baridi ikizidi.

Mume wangu alifungasha pensi na fulana tu: "Si joto kama Dar?" Saa mbili asubuhi, kwenye foleni iliyokula akiba yetu ya miaka miwili, tulikuwa tumenuniana, yeye meno yanagongana. Nikafungua koti langu, tukajibana humo wawili. Kufika saa saba mchana, koti tulikuwa tunalibeba kwa zamu.