Kwa mpwa wangu, kuhusu mtetemo wa 109

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba Landrova 109 ya marehemu babu yako imerudi barabarani ni furaha kubwa kwangu. Nilishakata tamaa nikijua itaozea pale pale chini ya mwembe. Ila ulipofika kwenye mtetemo nilivaa miwani. Unasema tangu mfunge ile ovadraivu ya Fairey, ukifika kilomita 85 kwa saa sakafu inavuma, kioo cha ndani hakionyeshi kitu, na fundi ameshaandaa spana aishushe ovadraivu na kuifungua. Mwombe asubiri kwanza.

Kosa hilo nililifanya mimi nilipokuwa kijana, kwenye gari la aina hiyo hiyo. Niliishusha ovadraivu mara tatu. Nilibadilisha beringi, nikabadilisha sili, nikamaliza mshahara wa miezi miwili, na gari likaendelea kutetemeka. Ugonjwa ulikuwa kwenye propela shafti, na aliyeuleta ni mimi mwenyewe. Nitakueleza.

Fikiri kwanza ovadraivu inafanya nini. Inakaa nyuma ya transfa, inazungusha gia za transfa haraka zaidi kwa takriban asilimia 28, ili injini ipumzike. Tairi zako za 7.50-16 zikizunguka mara moja, gari linasogea kama mita mbili na nusu, na difu yako ni 4.7. Kwa hiyo ukienda kilomita 80, propela inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika. Injini, ukiwa gia ya nne bila ovadraivu, iko kama 2,900. Ukiingiza ovadraivu inashuka hadi 2,250 hivi. Propela haijashuka hata mzunguko mmoja, kwa sababu yenyewe hufuata tairi. Zamani kelele za injini zilikufanya uondoe mguu kabla ya 80. Sasa injini imetulia, mguu unakandamiza, propela inafika mizunguko 3,000, na kasoro ndogo iliyolala miaka yote inaamka. Uzito ukiwa umeelemea upande mmoja, ukitoka 80 kwenda 100 nguvu yake inazidi mara moja na nusu.

Basi kabla ya kugusa nati, tafuta barabara iliyonyooka, alfajiri, magari yakiwa machache. Mdogo wako akae pembeni na karatasi, aandike kasi na mtetemo. Nenda 85 na ovadraivu, kisha 85 bila ovadraivu. Mtetemo ukiwa ule ule, ovadraivu haina hatia. Tafuta kwenye propela, difu au tairi. Ukija na ovadraivu peke yake, hapo ndipo fundi ana haki ya kuitazama, na aanze na oili, maana ina oili yake mbali na ya giaboksi, tena kidogo, na watu huisahau. Halafu, ukiwa 85, kanyaga klachi, toa gia, gari lijiendee. Mtetemo ukibaki, iache injini. Kama una loki za habu za mbele, zifungue pia, propela ya mbele isimame, uone kama kuna tofauti.

Sikiliza na mwili wako. Tairi kwa kasi hiyo inazunguka mara tisa tu kwa sekunde, hivyo mtikisiko wake ni wa polepole na unaushika kwenye usukani. Mara nyingi ni tope lililokauka ndani ya rimu. Propela inazunguka zaidi ya mara arobaini kwa sekunde. Hiyo haitikisi, inavuma, unaihisi kwenye kiti na kwenye meno. Kwa unavyoeleza, yako ni propela. Ule mtikisiko mwingine, ukiwa chini ya 60, ni jambo jingine: unalazimisha ovadraivu mapema mno, na injini inalemewa.

Sasa ingia chini. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi, kwa sababu hendibreki ya 109 inashika propela, na ukiifungua propela gari halina kizuizi. Shika propela kwa mikono miwili, izungushe huku na huku, isukume juu na chini. Tazama kando ya vikombe vya krosi: ukiona vumbi jekundu kama poda, krosi imekauka grisi na imekwisha. Pita boliti zote za flenji kwa spana ya 9/16, pamoja na za dramu ya hendibreki. Kipande kidogo cha udongo kikibanwa kati ya flenji mbili kinatosha kuipindisha propela.

Kisha tazama kitu kilichonitesa mimi. Ili nipate nafasi ya kufanya kazi niliishusha propela, ikachomoka kwenye splaini, nikairudisha gizani bila alama. Uma za ncha mbili lazima zilale sambamba, kwa sababu krosi ikiwa kwenye pembe huharakisha na kuchelewesha mzunguko mara mbili kila duru, na krosi ya pili ndiyo inayosawazisha. Zikipishana hata jino moja, hazisawazishi tena. Nilijua siku nilipolala chini ya gari nikiwa sina la kufanya, nikaona uma moja imelala na mwenzake ameinama. Dakika ishirini zilitosha kuirekebisha. Safari hii piga mstari wa rangi kabla ya kuchomoa chochote.

Mpaka hapo usizidi 70, na usiende Dodoma. Propela ikikatika, ikadondosha ncha ya mbele barabarani, nitamwambia nini mama yako?

Nitumie ile karatasi ya kasi kama ilivyoandikwa. Nikiisoma nitajua kama ni lazima nipande basi nije. Spana ya 9/16 ya babu yako, ile yenye alama ya tindo shingoni, niwekee, usimwazime mtu.

Mjomba wako