Mzeituni Wetu wa Kwenye Sufuria



Leo tumeona tuwasimulie habari za mti mdogo ulio mlangoni kwetu, hapa Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Ni mzeituni, mti ambao Mwenyezi Mungu ameutaja kwa jina mara 6 katika Qur'an Tukufu. Watoto wetu wamehifadhi Surat At-Tin tangu wadogo, lakini mzeituni wenyewe walikuwa hawajawahi kuuona.

Sisi tulivuka kutoka upande wa Pweto mwaka 2017, tukapita Kenani, na mwaka 2018 tukahamia hapa. Nyumbani tuliacha miembe mitatu aliyoipanda babu yao. Tulipopewa kiwanja tulilima mahindi na mihogo, lakini mti wa kudumu hatukupanda. Tulisema, "Tutarudi karibuni, kwa nini tuwapandie wengine?"

Basi mwaka 2021 mgeni kutoka Lusaka alipotuletea mche wa mzeituni, hatukuutia ardhini. Tulitoboa sufuria ya zamani kwa msumari, tukaupanda humo. Wajapani huita kazi hii bonsai: mti wa kawaida hulelewa ndani ya chombo, ukabaki mfupi kwa kupunguzwa matawi na mizizi. Kwetu maana yake ilikuwa moja tu, kwamba siku ya safari tutaubeba.

Mvua za kwanza karibu tuupoteze. Huku mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, nasi tulikuwa tumeweka sahani chini ya sufuria ili maji yasipotee. Majani yakageuka manjano, yakapukutika. Tukamlaumu mtoto wetu wa pili kwamba hamwagilii, naye kwa woga akazidisha maji! Tulipoutoa tukakuta mizizi imeoza. Kosa lilikuwa letu, tukamwomba radhi.

Kwa faida ya wanaotaka kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Mzeituni unapenda jua la kutwa. Usiuweke ndani ya nyumba kama pambo.
2. Mwagilia udongo wa juu ukikauka tu, na maji yapate pa kutokea. Sisi tulichanganya udongo na mchanga wa ufukweni Kashikishi na vipande vya matofali.
3. Punguza matawi kidogo kidogo. Tawi la kupindwa lifungwe kwa waya laini, na waya utolewe kabla haujakata gome.
4. Kila baada ya miaka 2 au 3 badilisha udongo na upunguze mizizi.

Matunda hatuyatarajii. Mzeituni huhitaji majuma ya baridi ili utoe maua, na baridi yetu ya Juni na Julai ni ndogo.

Julai 2024 tulitaka kubadilisha udongo. Sufuria haikuinuka. Mizizi ilikuwa imepita kwenye matundu na kuzama katika ua wetu. Mtoto yule yule akasema, "Baba, huu haukungoja ruhusa." Tukanyamaza. Majirani kadhaa wamekwisha kurudi Kongo, na sisi bado tunashauriana usiku watoto wakilala.

Tukakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anachopanda Muislamu, akila mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Kwa miaka 7 tuliumia tukiwaza nani anakula maembe ya babu. Kumbe kila embe linaloliwa kule ni thawabu yake, Allah amrehemu, nasi tulikuwa tukimhesabia hasara!

Tulikata mizizi, mti ukarudi sufuriani. Matawi manne tuliyoyapunguza tuliyachomeka mchangani, tukayafunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa. Moja lilishika, nalo tumelipanda kando ya madrasa. Nyuma ya nyumba tumefukia kokwa tatu za maembe.

Tukijaaliwa kurudi, mzeituni wa sufuriani tutaubeba. Mingine tutawaachia watakaokuja. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie amani kote mbili za ziwa, na awarehemu wote waliotupandia.

Wabillahi tawfiq.