Damu ya mwenzetu baada ya mbio



Sisi wa klasi ya biolojia na kemia tunataka kuwaeleza jambo lililotupata. Lilitutia haya, lakini lilitupa akili pia.

Siku moja ya posho tulishindana mbio, tangu daraja la Tshopo mpaka kwenye masomo. Tulichelewa kuanza, jua likafika saa sita. Mwenzetu mmoja alisema: «Mimi leo siko na nguvu.» Tukamcheka, tukamwita mvivu. Basi akakimbia kwa haya tu. Alipofika alianguka, ngozi moto, kichwa kinamzunguka.

Tulimweka kivulini, tukamwagia maji, tukampepea, kisha tukamfikisha kwenye dispansari moja. Wakapima damu yake. Malaria haikuonekana, lakini chembe nyeupe zilipita 10,000 katika milimeta moja ya ujazo. Kawaida ya mtu mzima ni kati ya 4,000 na 10,000 hivi. Muuguzi akamwambia mama yake: «Mama, mtoto iko na ambukizo. Ununue dawa hizi.» Mama yule anauza mihogo sokoni. Alifungua pindo la kitambaa chake, akaanza kuhesabu feza polepole.

Ndipo mzee wa laboratwari akatoka, akatuuliza:

«Bana yangu, mbele ya kuja huku, huyu alikuwa anafanya nini?»

«Alikuwa anakimbia, papa.»

«Na jua hili? Basi apumzike, anywe maji, na kesho asubuhi mumulete tena. Lakini homa ikipanda usiku, musingoje kesho!»

Kesho yake walipima tena. Hesabu ilikuwa imerudi mahali pake. Feza za mama zilibaki katika pindo.

Siku ya kwanza tulimwuliza mwalimu wetu: chembe zile zilitoka wapi, tena zilikwenda wapi? Akatuambia tufikiri mto Tshopo unapojaa. Maji yakipanda kwa nguvu, yanakokota majani yaliyoshika kando, nasi tunayaona katikati ya mto. Kumbe hayakuota siku ile. Vivyo hivyo chembe nyeupe nyingi hushika kwenye kuta za mishipa, nyingine zinakaa katika wengu na mapafu. Mtu akikimbia, moyo unapiga mbio, adrenalini inamwagika, nazo zinang'oka na kuingia katika mkondo wa damu. Si habari ya leo: mwaka 1902 daktari Larrabee aliandika juu ya wakimbiaji wa Boston, kule Marekani, ambao chembe zao nyeupe ziliongezeka baada ya mbio ndefu.

Mbio ikiisha, chembe zile zinazoitwa limfosaiti zinapungua ndani ya saa moja au mbili, hata chini ya kawaida. Zamani wengi walisema mwili umebaki bila ulinzi. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kwamba nyingi hazikufa, zimekwenda kulinda viungo vingine. Lakini zile zinazoitwa nyutrofili zinaweza kubaki juu kwa saa nyingi, kwa sababu ya homoni ya kortisoli.

Joto linaongeza mambo hayo yote. Na sisi wa Kisangani tuko karibu kabisa na ikweta, hewa yetu ina maji mengi. Jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka, si lile linalodondoka. Hapa linadondoka tu, na joto linabaki ndani.

Basi tumekata shauri mambo mawili. Kwanza, mbio zetu ni saa kumi na mbili asubuhi, na maji yawe karibu. Pili, mtu akisema hana nguvu, asikilizwe. Mzee wa laboratwari aliuliza swali moja tu, akaokoa feza za mama. Sisi tuliokaa na mwenzetu klasi moja hatukumwuliza hata moja. Tulikwisha kumwomba msamaha, naye alitusamehe.