Niliyoyaandika Kuhusu Mabua ya Pamba

Nalitaja kosa mapema, msomaji asije akapoteza muda kutafuta wa kumlaumu. Nikiwa mhadhiri wa chuo ambacho sitakitaja, niliandika ripoti ya kufunga mradi wa ubunifu tulioufanya katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bariadi, upande wa Dutwa. Ripoti ilisema mashine inafanya kazi, mradi umekabidhiwa kwa kikundi cha akina mama, na kikundi kina uwezo wa kuuendeleza bila msaada wowote. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli wakati vidole vyangu vikiyachapa maneno hayo. Waliokuja kuumia ni wanawake ambao ripoti yenyewe hawajawahi kuitia machoni.

Tulitaka kutengeneza mkaa mbadala kwa mabua ya pamba. Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ndio unaoongoza nchini kwa pamba, na pamba ikishavunwa shamba hubaki na miti mikavu iliyosimama. Kanuni za zao hilo zinamtaka mkulima ayang'oe masalia na kuyachoma kabla ya tarehe 15 Septemba, ili funza wa pamba akose pa kujificha akisubiri msimu mpya. Ukipita barabara ya Bariadi kwenda Lamadi wakati huo, moshi unauona kulia na kushoto. Mtu mwenye shahada tatu akiona moshi ule anaona fedha inateketea. Mimi nilianza kupiga hesabu nikiwa bado garini, na nilipofika nyumba ya wageni nilikuwa na kichwa cha andiko tayari.

Miaka ile nayo ilikuwa na joto lake. Anthony Mtaka akiwa mkuu wa mkoa, Simiyu ilisifika nchi nzima kwa vijana wa Maswa wanaotengeneza chaki na vijana wa Meatu wanaosindika maziwa. Mwaka 2019 serikali ikaanzisha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Vyuoni kila idara ikawa inaulizwa kwenye vikao: ninyi mmebuni nini? Swali zuri, ila lilikuwa na mkia wake. Lilitaka jibu kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Kila aliyewahi kuandika andiko la mradi anakifahamu kipengele cha uendelevu. Hukaa nyuma kabisa, baada ya bajeti, na huandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, macho yakiwa mekundu. Changu sikukiandika hata hicho. Nilikinakili kutoka andiko la zamani la mizinga ya nyuki, nikabadilisha jina la wilaya na la bidhaa: kikundi kitauza, mapato yatagharamia matengenezo, ziada itanunua mashine ya pili. Mahali pamoja nilisahau kulifuta neno "asali". Andiko likapita kwa wasomaji wa chuo, likapita kwa mfadhili, fedha zikatoka, na hakuna aliyeuliza mabua ya pamba yanatoaje asali. Nilicheka sana siku ile. Ilitakiwa niogope, maana ile ilikuwa dalili kwamba kipengele hicho hakisomwi na mtu, nikiwemo mimi.

Kinachonitia aibu zaidi ni kwamba somo hili nilikuwa nalifundisha. Mwaka baada ya mwaka nilisimama mbele ya darasa nikieleza HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mradi ulioanza mwaka 1986 kwa fedha za serikali na za Norway, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado wilaya za Shinyanga. Mwanzoni wataalamu waliiona ardhi tupu, wakaanzisha vitalu vikubwa na kugawa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Miche ikaliwa na mchwa, ikaliwa na ng'ombe, na iliyosalia ikamalizwa na jua. Baadaye ndipo wakageukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho siku zote: ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Ngitili nyingi zilikuwa zimevunjwa miaka ya sabini watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, lakini ujuzi wake ulikuwa bado vichwani mwa wazee, na sheria zake bado ziliweza kusimamiwa na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi. Kutoka takriban hekta 600 mwaka 1986, ngitili zilirudi mpaka zikapita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hiyo ilikuwa mihadhara yangu mizuri kuliko yote. Nilikuwa na swali la mtihani juu yake: "Eleza kwa nini miche ya awali ilishindwa na ngitili zikafaulu." Wanafunzi walipata alama za juu. Kisha nikawapakia wanafunzi haohao kwenye basi dogo la chuo, tukaenda Bariadi kufanya lile lile walilofanya wale wa vitalu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mabua yanakatwakatwa na kushindiliwa kwenye pipa la mafuta lililotobolewa chini. Unawasha, unasubiri moshi mweupe ugeuke wa bluu, kisha unafunika na kuziba kwa udongo ili yaive bila kuwa majivu. Kesho yake unachota makaa meusi mepesi, unayatwanga, unayachanganya na uji mzito wa muhogo ili yashikamane, ndipo mchanganyiko unapelekwa kwenye mashine ya kushindilia. Madonge yanatoka marefu kama muhogo wenyewe, unayakata na kuyaanika.

Ule uji ndio ulioanza kutusuta. Siku ya kwanza ya mafunzo mwanafunzi wangu alimimina unga kwenye sufuria, na wanawake wakanyamaza. Ulikuwa udaga, unga wa muhogo ambao nyumba nyingi pale zinautegemea miezi ya njaa. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo aliyezoea kusema kwa upole, akaniuliza, "Mwalimu, huu ugali tunampikia nani?" Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikaandika kwenye daftari: jamii imepokea teknolojia kwa furaha.

Bwana shamba wa kata alikuja siku ya tatu au ya nne, bila kualikwa. Alitazama lundo la mabua tuliyokusanya nyuma ya ghala, akauliza tutayachoma lini. Nikamweleza kwamba hayachomwi, ndiyo malighafi, yatatumika hadi Januari. Akanitazama kwa adabu ya mtu anayezungumza na mgeni. "Mwalimu, hapa umewajengea funza nyumba." Alikuwa sahihi. Mabua yote yalitakiwa yawe yamekaa pipani kabla ya katikati ya Septemba, kazi ya mwaka mzima ifanywe kwa wiki chache, wiki zilezile ambazo akina mama wanapura mtama, wanauza pamba na kukarabati nyumba kabla ya mvua. Kumuuliza bwana shamba kabla ya kununua mashine kungenigharimu nauli ya bodaboda.

Na bado hilo halikuwa kubwa. Nilichokuwa nimekiita taka kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, kwa wale mama kilikuwa kuni. Usukumani miti ya kuni iko mbali, na baada ya mavuno mwanamke huyabeba mabua aliyoyang'oa, akayapanga nyuma ya jiko na kuyapikia kabla tarehe haijafika. Ng'ombe nao wanaingizwa shambani kula majani na vitumba vilivyobaki. Tulipoanza kununua mabua kwa mzigo, wanaume wenye mashamba walituuzia, na fedha zikaingia mifuko yao. Wake zao wakaenda kutafuta kuni kwingine. Baadhi ya wanakikundi wangu walikuwa wanatoka kwenye mafunzo ya nishati mbadala jioni, wanapita njia ndefu kuokota kuni za kupikia chakula cha usiku. Nililijua hili mradi ukiwa katikati. Sikubadilisha kitu, kwa sababu viashiria nilivyomwahidi mfadhili vilihesabu tani za mabua yaliyokusanywa, na tani zilikuwa zinakwenda vizuri.

Sasa mashine. Ilichongwa mjini, ikaja na mota ya umeme wa njia tatu. Waya uliofika kijijini ulikuwa wa njia moja. Fundi alikuwa ameniuliza, nami nikamjibu kwamba kijiji kina umeme, jibu ambalo halikuwa uongo wala halikuwa jibu. Siku ya uzinduzi tuliendesha mashine kwa jenereta ya chuo. Madonge yakatoka, kamera zikapiga, ngoma ikachezwa. Jioni jenereta ikapakiwa kwenye gari, maana ilikuwa na namba ya mali ya chuo, tukaondoka nayo. Muhula ulikuwa unafunguliwa. Kalenda ya chuo haijawahi kukaa meza moja na kalenda ya pamba.

Kwa hiyo nilipoandika kwamba mashine inafanya kazi, nilikuwa nimeiona ikifanya kazi alasiri moja, kwa jenereta niliyoichukua mwenyewe. Kikundi kilikuwa kimetoa akiba ya kikoba kununua mabati na saruji ya banda, kwa sababu mimi niliwaambia mfadhili anataka kuona mchango wa jamii. Kwenye ripoti mchango huo ulikuwa na jedwali lake peke yake. Ripoti ikakubaliwa, makala ikatoka, na katika fomu yangu ya kupanda cheo mradi wa Bariadi ulijaza nafasi ya huduma kwa jamii. Cheo nikakipata.

Nimejiuliza mara nyingi kama chuo kingenizuia, na jibu langu si la kujitetea: kisingenizuia, lakini wala sikukipa nafasi. Hakuna aliyenilazimisha kuandika vile. Ningeweza kuandika kwamba tumejifunza mashine haifai, umeme hautoshi, malighafi ina wenyewe. Ripoti ya namna hiyo ingemfaa mfadhili kuliko niliyompa, na pengine fedha zilizobaki zingeruhusiwa kununua mota nyingine. Niliogopa mstari mmoja mwekundu kwenye jedwali la viashiria.

Mbele kidogo, Wilaya ya Meatu, kampuni ya bioRe imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai tangu 1994. Nimeitembelea kama mgeni tu. Hakuna cha kupigia picha pale zaidi ya maghala na maofisa ugani wa kampuni wenye pikipiki, lakini kila msimu kuna mtu anayekuja kununua pamba ya mkulima. Katika mradi wangu hakuna aliyepangwa kununua mkaa. Nilidhani soko la Bariadi mjini litajipanga lenyewe.

Habari za kikundi nilizipata kwa simu. Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mmoja wa wale wa basi dogo, sasa akiwa ofisa wa maendeleo ya jamii mahali fulani mkoani. Kulikuwa na mradi mpya wa majiko, na walipochambua vikundi vya kata, kile chetu kiliwekwa pembeni. Sababu iliyoandikwa: kiliwahi kukabidhiwa mradi uliokamilika kikashindwa kuuendeleza. Ushahidi ulikuwa ripoti yangu. Kijijini nako maneno yalikuwa makali zaidi. Watu walisema viongozi wa kikundi wameuza "jenereta ya mradi", kwa kuwa wote waliiona siku ya uzinduzi na hakuna aliyeiona tena.

Nilikwenda. Nilibeba bahasha yenye fedha za mabati na saruji, nikidhani hiyo ndiyo njia ya kiungwana ya kuanza. Mwenyekiti aliipokea, akaihesabu mbele ya mweka hazina, akaniandikia risiti. Nikaanza, "Mayu, naomba mnisamehe." Akanikatiza: msamaha tutazungumza, kwanza nataka barua. Barua iseme jenereta ilikuwa ya nani, iliondoka lini na kwa gari gani. Nikaandika kurasa mbili, zenye maelezo ya umeme wa njia tatu na mapungufu ya usanifu wa mradi. Akaisoma yote, akasema mkutano wa kijiji hausikilizi kurasa mbili. Tukakaa tukaipunguza, yeye akifuta na mimi nikinakili upya, mpaka ikabaki na sentensi nne. Jenereta ilikuwa mali ya chuo na niliiondoa mimi siku ileile ya uzinduzi. Mashine ilikabidhiwa ikiwa haiwezi kuwashwa kwa umeme wa kijiji. Akina mama hawakuuza wala kuharibu chochote. Ripoti iliyosema vingine niliiandika mimi na haikuwa kweli.

Niliisoma mwenyewe mkutanoni, chini ya mti, mtendaji akigonga muhuri kila nakala. Mzee mmoja aliuliza kama mshahara wangu uliongezeka kwa sababu ya mashine ile. Nikasema ndiyo. Akauliza kama umepunguzwa sasa. Nakala moja nimeiweka chuoni kwenye jalada la mradi na nyingine nimempelekea mfadhili, lakini fomu ya kurudisha cheo nimeiulizia utumishi na wameniambia haipo.