SAFARI YA LUSHOTO NA BABA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kila ifikapo likizo wanafunzi huniuliza, "Ustadhi, mwaka huu mnakwenda wapi?" Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu: hatuendi popote. Kipato cha mwalimu wa madrasa mnakijua. Lakini mwezi wa Juni mwaka 2022 tulikwenda. Nataka kuwasimulia tulivyoipanga safari ile, nilipopatia na nilipokosea, ili anayetaka kuwatembeza wazee wake apate la kuchukua.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akipakia kabichi, viazi na karoti Lushoto, akishuka navyo Mombo hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Mapema mwaka ule daktari alimkuta na presha ya macho. Alitueleza bila kuficha kwamba ugonjwa ule huharibu mshipa wa jicho kidogo kidogo, na mara nyingi mtu huanza kupoteza uoni wa pembeni bila kujijua. Dawa ya matone husaidia kulinda kilichobaki, lakini kilichokwisha potea hakirudi. Baba alikuwa amechelewa kwenda hospitali.

Njiani kurudi nyumbani hakusema neno. Usiku, baada ya Isha, akaniita barazani akaniambia, "Mwanangu, nimepita Soni miaka ishirini na mbili, wala sijapata kushuka nikayatazama yale maporomoko. Kila siku nilikuwa na mzigo unaooza."

Hapo nikajua likizo ile tunakwenda wapi.

Mama watoto alikuwa amependekeza Pangani, kwa kuwa ni karibu nasi hapa Tanga. Shemeji yangu, aliyekubali kutuazima gari, alitaja Amani. Lakini wakati ule kupanda Amani kutoka Muheza ilikuwa njia ya udongo na mawe, na gari la watu halipelekwi njia kama hiyo. Lushoto ina lami mpaka mjini. Kutoka Tanga ni takriban kilomita 160: unapita Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, kisha unaacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kilomita 33 za mlima. Kwa miezi minne tuliweka akiba kwenye kopo la maziwa: fedha ya mafuta, ya kulala usiku mmoja na ya dharura. Chakula tulikubaliana kupika nyumbani.

Nikaandika ratiba yangu kwenye karatasi: saa 12:30 asubuhi kuondoka, saa 2:00 Segera, saa 3:30 Mombo, saa 5:00 Lushoto. Nikamsomea Baba. Akacheka sana. "Ustadhi, ratiba yako haina mahali pa kusimama. Hii ni ya lori la kabichi."

Nikaongeza nusu saa pale Soni, nikaona nimemridhisha. Kumbe sikuwa nimemwelewa.

Gari nililipeleka gereji siku tatu kabla. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi nasi tulifunga ngamia wetu: fundi alitazama breki, oili, maji ya rejeta, taa na tairi la akiba. Nikahakikisha jeki na spana zimo, na pembetatu za kuweka barabarani gari likiharibika.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Kwa kuwa ni sunna wasafiri kumteua mmoja wao awe amiri, tulimteua Baba. Nakiri moyo wangu ulisita kidogo, maana mwenye leseni na usukani ni mimi. Tukasoma dua ya safari, watoto wakiitikia.

Muheza ulikuwa msimu wa machungwa. Baba akaamuru tusimame. Nikaitazama saa. Yeye akashuka, akachagua machungwa kwa kuyapima uzito mkononi, akaongea na muuzaji kama aliyekutana na jamaa yake. Baada ya Korogwe, mashamba ya mkonge yakatufuata kwa mistari yake iliyonyooka, na milima ya Usambara ikasimama upande wetu wa kulia.

Tulipoanza kupanda kutoka Mombo, barabara ikawa nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Baba alifumba macho akaanza kuzitaja kona. "Hii inayokuja ni kali, piga honi." Inakuja kweli. "Hapa kuna kidaraja." Kipo. Binti yangu mkubwa akauliza, "Babu, unaonaje na umefumba macho?" Akamjibu, "Mgongo wangu unaikumbuka njia hii, mjukuu wangu."

Soni tulishuka sote. Baba alisimama akiyaelekea maporomoko. Kwa kuwa uoni wake wa pembeni ulikuwa umekwisha, ilimbidi ageuze kichwa pole pole, akitazama kipande baada ya kipande kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Alianzia juu, akashuka na maji mpaka kwenye mawe, akarudi tena juu. Binti yangu alimshika mkono akimweleza asichokiona. Nusu saa yangu ikapita, ikapita na nyingine. Nilifungua kinywa kumhimiza, mama watoto akanikanyaga mguu.

Adhuhuri ilitukuta Lushoto mjini. Hapa, wanafunzi, kuna somo. Sisi tulikuwa wasafiri na tungeweza kupunguza rakaa, lakini tulisali nyuma ya imamu mkaazi, basi tulitimiza nne pamoja naye. Baadaye tukaenda Irente, ukingoni mwa mlima. Chini yako kuna uwanda mpana usio na mwisho, na magari ya barabara kuu ni kama punje za mtama. Baba alisema "Subhanallah" mara moja tu, kisha akakaa kimya mpaka jua likawa jekundu. Baridi ikatuingia hasa. Watu wa pwani tulijifunga kila nguo tuliyokuwa nayo.

Kesho yake ndipo nilipokosea. Tulichelewa kutoka sokoni, na mimi nilikuwa nimeahidi kurudisha gari kabla ya Maghribi. Tulipoanza kushuka Baba akaniambia, "Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia." Nilimtii mpaka Soni. Kisha nikaitazama saa, nikapandisha gia, nikawa nashuka kwa kukanyaga breki kila kona. Baba akarudia maneno yake. Nikamjibu, "Baba, magari ya siku hizi si kama lori lako."

Hakusema kitu. Baada ya kona kadhaa akainua uso. "Simama. Breki zinaungua." Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote. Nikakanyaga, na mguu ukashuka chini kuliko kawaida. Ndugu zangu, nyuma yangu walikuwamo mke wangu na watoto watatu, na kushotoni kwangu bonde. Nilirudisha gia ya chini, gari likapunguza mwendo, na Mwenyezi Mungu akatujaalia mahali papana pa kuegesha.

Tuliweka mawe mbele ya magurudumu na pembetatu barabarani. Nilitaka kumwagia maji. Baba akanizuia: "Chuma cha moto ukikimwagia maji kitapasuka. Kaa chini, kipoe chenyewe." Tulikaa karibu saa nzima kwenye majani, tukimenya machungwa ya Muheza. Baba hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliwasimulia wajukuu zake juu ya utingo wake na usiku waliolala hapo hapo kwa sababu ya ukungu. Nilimwomba radhi mbele ya watoto, kwa kuwa nilimjibu vibaya mbele yao. Akasema, "Mimi nimekwisha sahau. Wewe usisahau."

Tuliposhuka Mombo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya. Kabla ya kuendelea, fundi alizikagua breki. Shemeji nilimpigia simu kumweleza ukweli, naye alitusamehe kuchelewa.

Basi nawausia yafuatayo:

1. Chagueni njia inayolingana na gari lenu na afya za mnaofuatana nao, wala msishindane na picha za watu wengine.

2. Pangeni muda wa kusimama kabla ya kupanga muda wa kufika. Safari ya matembezi bila visimamo ni ya kubeba mzigo.

3. Milimani shukeni kwa gia ya chini, na epukeni majira ya masika, kwani udongo na mawe huweza kuporomoka.

4. Jifunzeni hukumu za sala ya msafiri kabla ya kutoka. Kumbukeni kuwa Maghribi na Alfajiri hazipunguzwi.

5. Mkishamteua amiri, mtiini.

6. Wapelekeni wazee wenu kupimwa macho mapema, kabla hawajalalamika. Na kama kuna mahali wanatamani kupaona, msingoje mpaka muwe na fedha nyingi.

Leo Baba haoni ila mwanga wa dirisha. Jioni hukaa barazani na wajukuu, na mara nyingi huwaambia, "Niambieni, Soni maji yanaangukaje?" Wao humweleza, naye huwasahihisha.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Amin.

Wabillahi Tawfiq.